Msichana Asiye na Harufu

Kituo cha Mbegu
8 Februari

Dada,

Nimefika salama na kazi nimeshaanza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ya Shangazi siwezi kusema kitu. Hukaa pembeni yangu akiingoja simu yake, na mimi naitikia tu ndiyo, ndiyo, mpaka unakata. Dereva wa lori la mbegu hupita huko nyumbani kila baada ya wiki mbili tatu, na amekubali kutubebea barua. Ni mtu wa maneno mengi. Mtaelewana.

Nyumba ya Shangazi iko ndani ya uzio wa kituo. Kuna maji ya bomba, nina kitanda changu peke yangu, na dirisha lina wavu. Yeye ndiye mtunza stoo ya mbegu, na ndiye aliyeniombea kazi kwa Daktari. Daktari huyu si wa hospitali. Ni mama mrefu, msomi wa wadudu, na anatembea haraka kiasi kwamba ukitaka kumwambia jambo ameshafika mlango wa pili.

Tunafuga nondo, wale wadogo wenye rangi ya majani makavu ambao watoto wao ndio viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Daktari anataka kujua jike mwenye mayai anajuaje, gizani, kwamba hapa pana mahindi na pale pana kitu kingine. Anajua kwa harufu. Ila ni harufu ipi, na ipi inamvuta kuliko nyingine, hiyo ndiyo kazi yetu.

Nondo huruka usiku, kwa hiyo chumba chetu kimegeuzwa. Usiku taa zinawaka ili wadhani ni mchana walale. Mchana zinazimwa, nasi tunafanya kazi kwa taa nyekundu ambayo wao hawaioni. Hakuna dirisha. Milango ni miwili, na wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ufungwe. Mara ya kwanza nilipokuwa katikati ya ile milango miwili nilibana pumzi bila kujua kwa nini.

Sijasahau tulivyopatana. Mama alipopata kiharusi, uliahirisha shule ya uuguzi ukakaa naye ili mimi nimalize mitihani. Sasa ni zamu yako. Nafanya kazi mpaka mwisho wa Mei, tupate sare yako na viatu vyeupe, halafu narudi kukaa na Mama na wewe unakwenda.

Ahsante kwa kopo la mafuta. Nimeliweka vizuri.

Mdogo wako,
Sisimizi


Nyumbani
27 Februari

Wewe Sisimizi,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha dereva, nadhani alikuwa anakula andazi. Umesema kweli, anaongea! Nimekutana na mtu wa kunishinda, nikabaki mimi ndiye naitikia ndiyo, ndiyo.

Mama anaendelea. Amepata maneno matatu mapya, na moja ni tusi. Alimwambia jirani aliyekuja kumwonea huruma. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Mguu unajikaza, lakini ule upande wake wa kushoto bado kwake ni kama haupo. Ukikaa kushoto kwake, umepotea. Sahani anakula nusu ya kulia, anasema ameshiba. Nikiizungusha anashangaa chakula kimetoka wapi. Kwa hiyo mimi hukaa kulia na kupiga kelele zangu kulia. Mganga wa mazoezi anasema siku akigeuza kichwa kushoto mwenyewe, bila kuitwa, tushangilie. Bado.

Lakini haanguki tena. Ile dawa ya kuchua ya kopo jekundu, iliyokuwa inanuka nyumba nzima mwaka jana, nimeitupia chini ya kitanda. Pua yangu imeshukuru.

Shule wameniandikia. Tarehe mbili Juni niripoti mwenyewe, kwa miguu yangu. Kwa kuwa nimeshaahirisha mara moja, nisipotokea nafasi anapewa mwingine na mimi mlango umefungwa. Nimesoma hiyo barua mpaka imechakaa kwenye mikunjo.

Sasa niambie jambo moja. Dereva anasema kichwa chako kimepauka kama ufagio wa uani. Yale mafuta nimeyachemsha mwenyewe kwa mchaichai, siku nzima niko jikoni natoka jasho, ndiyo hayo hayo ninayompaka Mama na kujipaka mimi. Au siku hizi unakaa nyumba ya bomba, mafuta ya kopo la maziwa yanakutia aibu? Sema tu. Sitalia. Nitavunja sahani moja, basi.

Dada yako,
Redio


Kituo cha Mbegu
15 Machi

Dada,

Tafadhali usivunje sahani. Ningekuambia tangu mwanzo lakini niliona haya, kwa sababu ulichoka kuyapika.

Siruhusiwi kupaka mafuta. Wala sabuni ya kunukia, wala kula kitunguu, wala kukaa karibu na moshi. Naoga kwa sabuni isiyo na harufu kabisa, na koti langu la kazi linafuliwa peke yake. Shangazi ameacha kukaanga vitunguu nyumbani kwa ajili yangu. Chakula chetu ni cha kuchemsha, na yeye ni mtu anayependa kula. Hasemi kitu, ila hupumua kwa nguvu akifunika sufuria. Kopo lako nimelifunga kwa mifuko mitatu ya plastiki, nikaliweka kwenye kisanduku, na kisanduku nikakisukuma mwisho kabisa chini ya kitanda. Silifungui. Najua liko hapo.

Nikueleze sababu. Tuna bomba la kioo lenye panda, kama njia inayogawanyika. Upande mmoja unaunganishwa na mtungi wenye jani la mahindi, upande wa pili mtungi wenye majani mengine au hewa tupu. Hewa inasafishwa kwanza kwa mkaa, inapita kwenye mitungi, inamfikia nondo niliyemweka chini ya panda. Anatulia. Anainua vipapasio vyake viwili, ambavyo ndiyo pua yake, anavipepesa. Halafu anakwenda, na akifika kwenye panda anachagua. Baada ya kila wachache naosha kioo, nakikausha kwenye tanuri, nabadilisha pande, ili tusije tukadhani wanapenda harufu kumbe wanapenda kulia. Mtu akiingia na mafuta kichwani, hewa yote imeharibika na kazi ya siku inatupwa.

Kuna mashine nyingine sipendi kuitumia. Daktari hukata kipapasio kimoja cha nondo na kukishika kwa nyaya nyembamba pande mbili. Ukipuliza harufu ya mahindi, mstari kwenye kioo cha kompyuta unaruka. Hakuna kichwa, hakuna mwili, hakuna pa kwenda, lakini kipapasio bado kinasikia. Hukaa hivyo muda kidogo, kisha mstari unalala.

Daktari aliniambia, "Wewe nimekupenda. Huingii na kitu. Huna harufu, huna sauti, ni kama chumba ni kitupu." Shangazi alifurahi sana nilipomsimulia. Mimi pia nilifurahi, halafu jioni sikujua nimefurahia nini.

Nimesikia wanataja majani mengine mapya ya kupimwa baada ya haya, lakini sidhani yananihusu.

Mpake Mama kwa niaba yangu.

Sisimizi


Nyumbani
2 Aprili

Sisimizi,

Sahani zote ziko salama. Pole na vitunguu. Mwambie Shangazi nimemvulia kofia, maana namkumbuka kwenye ile harusi alivyomsimamia mpishi.

Ila nimesoma barua yako mara mbili, na kilichonikwama kooni ni neno moja. "Sidhani." Mimi nakujua, mtoto. Ulisema "sidhani nimevunja kitu" na kumbe kioo cha kabati kiko vipande vipande nyuma yako. Ulisema "sidhani naumwa" na ulikuwa na homa ya kuchemshia chai. Hayo majani mapya ni nini? Umemwambia Daktari kwamba mwisho wa Mei unaondoka, au unangoja akuote ndotoni?

Nakuandikia sentensi, uikariri. "Daktari, mwisho wa Mei narudi nyumbani kumuuguza mama yangu." Basi. Haina kona. Iseme ukiwa bafuni, iseme ukiwa na nondo, hao hawatakucheka. Halafu umwambie na yeye.

Sikusukumi. Aa, nakusukuma. Nimeanza kujaribu kulala na saa ya kengele, kwa sababu wauguzi huamka alfajiri. Mama anaitukana saa. Nadhani ni neno la nne.

Redio


Kituo cha Mbegu
20 Aprili

Dada,

Nimeikariri. Niliisema bafuni, nikawaambia nondo wa vizimba vyote viwili. Jumatatu nikamngoja Daktari mlangoni.

Alikuja anatembea kama kawaida yake. Nikasema, "Daktari, mwisho wa Mei." Akasema, "Ndiyo, mwisho wa Mei, hapo hapo, tunaanza yale majani mapya, na nilitaka kukuambia mwenyewe." Akanipa ufunguo wa chumba. Dada, ufunguo wangu! Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo anatazama, akapiga makofi kama niko kwenye mahafali. Nusu ya pili ya sentensi ikabaki mdomoni. Nikaimeza.

Nimejifunza kitu ambacho sikukijua. Anayefanya kazi ya kupima anatakiwa awe yule yule kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hata uoge vipi, ngozi ya mtu ina hewa yake, na nondo wameshanizoea mimi. Akiingia mwingine katikati, Daktari hatajua kama nondo wamebadili mawazo kwa sababu ya majani au kwa sababu ya mtu. Na majani haya mapya yakishaanza, kila yakiisha kupimwa yatafananishwa na yanayofuata, kwa hiyo katikati haitaisha. Aliniambia, "Wewe sasa ndiye mtu wa msimu wote." Nilitaka kuuliza msimu unaisha lini. Alikuwa ameshafika mlango wa pili.

Haya majani mapya ni ya kupandwa kuzunguka shamba. Ni marefu, yanalishwa ng'ombe. Nondo jike akiyanusa anayapenda kuliko mahindi. Daktari alinionyesha mara moja kwenye panda, kabla ya kupima kwenyewe, na hawakusita hata kidogo. Anataga mayai huko, anaona amewapatia watoto mahali pazuri. Mayai yanaanguliwa, viwavi wanatoboa shina, na ndani kuna utomvu unaonata. Wanakwama humo, wengi wanafia hapo hapo. Kwa mkulima ni jambo zuri sana, na mimi nafurahi kwa ajili ya wakulima. Lakini nimetazama kitanda changu, bomba, dirisha lenye wavu, na ule ufunguo, nikakosa usingizi.

Shangazi anasema nikiondoka sasa, yeye hatakuwa na uso wa kumtazama Daktari, na yeye yuko hapa tangu sijazaliwa. Anasema kwa upole. Angenigombeza ingekuwa rahisi.

Dada, hiyo shule haiwezi kungoja hata kidogo? Samahani kwa kuuliza.

Sisimizi


Nyumbani
9 Mei

Mdogo wangu,

Shule imesogeza mpaka mwakani, kwa hiyo usijali. Mama mzima. Mimi mzima. Fanya kazi yako vizuri na umsikilize Shangazi. Hakuna haraka ya kurudi.

Dada yako


Kituo cha Mbegu
21 Mei

Dada,

Hakuna shule iliyosogezwa.

Dereva alinipa barua yako pale stoo, kwa sababu vitu vya nje haviingii kwetu. Sijanusa kitu tangu Februari ila kioo na barua zako, na pua yangu imekuwa kali mpaka inaniogopesha. Nilipofungua tu bahasha ilinipiga. Si mchaichai. Barua zako zote zilikuwa na mchaichai kwenye kona, pale unaposhikia karatasi. Hii ilinuka ile dawa ya kuchua ya kopo jekundu, karatasi nzima, mpaka kwenye gundi ya bahasha. Ulisema umeitupia chini ya kitanda kwa sababu Mama haanguki tena.

Na hukunitania hata mara moja. Na hukuandika Redio.

Nilimfuata dereva kwenye lori, nikamuuliza, nyumbani kuna nini? Akanyamaza. Yule dereva, akanyamaza! Hapo nikajua. Mwisho akasema Mama alianguka uani, akalala na maumivu wiki nzima, na wewe ulimbeba peke yako ukaumia mgongo, na ulimkataza asiniambie. Nikamuuliza, na shule? Akasema, "Dada yako viatu vyeupe ameshaviazima kwa mtu akavirudisha. Tarehe ni ile ile."

Sasa nikuambie nilichofanya. Sikukifanya kwa hasira. Nilingoja tumalize kupima jozi ya mwisho ya majani ya zamani, kila kioo nikakiosha, nikaandika majibu yote. Asubuhi iliyofuata, kabla majani mapya hayajaanza, nilivuta kisanduku chini ya kitanda. Nikafungua mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikafungua kopo.

Dada, nilikaa chini. Ulikuwa wewe, chumba kizima.

Nikapaka. Si kidogo. Nikapaka kichwa chote, nikapaka shingo na mikono, nikatembea mpaka kwenye mlango wa kwanza nikasimama nje. Sikugusa hata kitasa. Wafanyakazi walionipita waligeuka. Maisha yangu yote nimepita watu bila wao kugeuka.

Daktari alikuja mbio mbio kama kawaida, na akiwa bado mbali, akasimama. Sijawahi kumwona amesimama.

Akasema, "Umepaka nini?"

Nikasema, "Mafuta ya dada yangu. Daktari, mwisho wa Mei narudi nyumbani kumuuguza mama yangu." Yote, mpaka nukta.

"Unajua umefanya nini?"

"Ndiyo. Sijaingia ndani. Kazi ya jana yote ni safi, na majani mapya hayajaanza. Akianza mtu mwingine leo, hakuna katikati."

Alizitazama nywele zangu. Halafu akasema, "Ungeniambia tu, mwanangu."

Nikasema, "Nilikuwa nakuambia kila siku, nikiwa nyuma yako."

Akanyoosha mkono nikampa ufunguo. Hakunigombeza wala hakunipa pole. Akasema, "Mafuta hayo hayatoki kwenye nywele wiki nzima," akaingia, na mlango ukajifunga.

Kwa Shangazi ndiko kulikokuwa kugumu. Mchana kutwa alipita karibu yangu mara kadhaa kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau. Nilifunga begi langu, nikakaa kitandani, nikangoja anigombeze. Jioni nikasikia kisu jikoni, haraka haraka, halafu mafuta yakachemka, na nyumba nzima ikajaa vitunguu. Alikaanga vingi mno. Moshi ukafika mpaka chumbani. Nikaenda, nikakuta macho yake mekundu, na mimi yangu yakawa mekundu, na hakuna aliyetakiwa kueleza sababu. Akanisogezea sahani. "Kula," akasema. "Utasafiri."

Lori linaondoka Alhamisi. Naja pamoja na barua hii, kwa hiyo dereva akikupa, tazama nyuma yake.

Sisimizi


Nyumbani
11 Juni

Redio wangu,

Mkuu wa shule ameniandikia karatasi ndogo kwamba umeripoti, na dereva anasema amekuona getini na sare, unatembea umeinama mgongo kidogo lakini mdomo mzima. Nimefurahi. Chua mgongo. Sasa ni zamu yako kunuka ile dawa.

Nikuambie ukweli, kwa sababu tumeshaona kudanganyana kunatufikisha wapi. Ni vigumu. Nimetoka kwenye chumba kisicho na dirisha nimeingia chenye dirisha moja, na siku nyingine naona ni kile kile. Namgeuza Mama, nafua, nazungusha sahani. Mchana hakuna mtu. Sijui wewe uliwezaje mwaka mzima na bado ukawa unachekesha. Siku mbili za kwanza Mama hakuongea nami kabisa. Nadhani aliona haya, au mimi ndiye niliyeona haya, na sisi wawili tukiona haya nyumba inakuwa kimya kama ile ya nondo. Nimepanga kuomba shule ya ualimu nikisikia wanapokea tena. Sijui itakuwa lini. Naandika hapa ili iwe imeandikwa mahali.

Jana nilikuwa nimechoka, nikakaa pale kwenye kigoda, upande wa kushoto wa kitanda. Nilisahau. Ule upande ambao mtu huwa amepotea. Nilikuwa nimejipaka mafuta yako, kopo limebaki la kukwangua. Sikusema kitu. Sikusogea.

Mama alikuwa anatazama ukuta wa kulia, kule unakokaaga wewe. Nikaona pua yake inatanuka. Akatulia, vile vile kama ninavyowajua nondo wanavyotulia. Halafu kichwa kikaanza kugeuka. Polepole sana, Dada, kikapita katikati ya mto, kikaja huku, kushoto, mwenyewe, bila kuitwa. Macho yake yakatafuta, yakanikosa, yakatafuta tena.

Akasema, "Redio?"

Ulisema tushangilie. Sikuweza. Nilijua nikisema jina langu atakumbuka kwamba umeondoka, na nikinyamaza atadhani upo. Nikamwacha anuse kidogo.

Halafu nikasema kwa sauti, hata mimi nilishtuka ilivyokuwa kubwa, "Ni mimi, Mama. Sisimizi. Niko huku."

Hakurudisha kichwa kulia.

Mdogo wako,
Sisimizi